Nyuma ya Mfuniko

Alhamisi nafunga kibanda mapema,
napeleka kifurushi posta:
soksi za sufi, kipande cha nyama ya chumvi,
peremende nilizozivua makaratasi moja moja
(sheria yao, kila kitu kiende uchi)
na majani ya chai ndani ya mfuko mwangavu.
Mwanamke wa dirishani anapima.
Gramu mia mbili zimezidi, anasema, punguza.
Napunguza peremende.

Yadviha anashona suruali za askari huko Homel,
yeye ambaye hakuwahi kushona kifungo,
blauzi zake zote zilishikwa kwa pini.
Alichojua ni kuuliza.
Alimuuliza mlinzi wa shule:
gunia lile lililoshushwa dirishani usiku wa kura
lilikuwa na nini?
Mlinzi akasema, karatasi.
Akaandika: karatasi.
Neno moja, miaka sita.

Barua yake ya mwisho ilipita chini ya wino wao.
Ilianza, Baba, theluji ya huku
kisha giza, upana wa vidole vinne,
kisha: usisahau kuumwagilia mlimau wangu.
Naumwagilia. Umetoa jani.

Majirani hunituliza: Kazimir, subira yavuta heri.
Mimi ni fundi saa.
Ninachokijua kinachovutwa ni springi,
na springi ikivutwa mno
hukatika.

Mwezi wa tatu, barafu ya mto Dzvina ikianza kupasuka,
akaingia mtu wa koti jeusi, akavua saa mkononi.
Ya marehemu baba yangu, alisema.
Inachelewa dakika nne kwa siku.
Uso sikuuona, nilikuwa na kioo jichoni.
Nilimjua kwa sauti:
ndiyo iliyosoma miaka sita
kama asomaye bei ya viazi.

Aje kesho, nikamwambia.

Usiku nikaifungua.
Nyuma ya mfuniko, mahali mwenye saa haoni,
mafundi walionitangulia walikwaruza alama zao:
mmoja wa mwaka hamsini na nane,
mwingine, mwenye mkono mzito, wa sabini na nne.
Ni desturi yetu, salamu ya fundi kwa fundi.
Nikashika sindano. Nilikuwa na ubeti mzima kichwani:

*Yadviha hana hatia, karatasi kahesabu,*
*Sita mmempimia, bila hata ya sababu,*
*Kila ukiangalia, saa hii itajibu,*
*Mfungulie mlango, mwanangu arudi kwetu.*

Mfuniko ni mdogo kuliko kifungo cha koti.
Niliandika jina lake
na tarehe waliyomchukua.
Mkono usiotetemeka miaka arobaini
ulitetemeka kwenye herufi ya mwisho.

Alipokuja aliitega sikioni kama mtoto, akatabasamu.
Inakwenda.
Inakwenda, mheshimiwa.
Akasita, kiganja kimeshika kitasa.
Hakuwa ameniambia kazi yake.
Kiasi gani? akauliza, sauti imeshuka.
Nikasema, nimeshalipwa.

Tangu siku ile haitoki saa mezani kwangu bila jina.
Ya mwoka mikate wa kona.
Ya mjane Halina, isiyokwenda kabisa, aipendaye hivyo hivyo.
Ya koplo mmoja kijana
aliyeniambia mkewe anakaribia kujifungua,
nikamwombea heri, nikaandika.
Wengine waliogopa kutia sahihi kwenye waraka wangu
nilipoupitisha mlango kwa mlango;
siwalaumu, wana watoto.
Sasa wanalibeba kwenye mshipa wa mkono
na hawajui.

Zimefika arobaini na moja.
Moja itaharibika ugenini, mbali na mji huu,
fundi nisiyemjua ataifungua chini ya taa,
atalisoma jina, atasoma tarehe,
naye atauliza.

Kuuliza tu.
Ndiyo kazi aliyofungiwa.

Leo Alhamisi. Nimepima mwenyewe nyumbani.
Nimetoa soksi jozi moja.
Peremende zote zimeingia.