Namba Chini ya Kutu

Kuku wa marehemu Kirita walitagia chini ya kiti chake.
Mjane akasema, lete magunia manne ya mahindi uondoke nalo,
nimechoka kutafuta mayai kwenye chuma.
Tulilikokota kwa ng'ombe sita hadi shamba langu la chini, Kahe,
watoto nyuma yetu wakiimba njia nzima:
leo trekta limeajiri ng'ombe!

Nakijwa alikuja na baiskeli kutoka Pasua,
mfuko wa spana begani.
"Kwanza tulijue," akasema.
"Dukani Moshi hawauzi spea kwa kukisia.
Watauliza: la aina gani, la mwaka gani?"

Rangi ilidanganya. Aliikwaruza kwa sarafu:
juu bluu ya mlango wa duka,
chini ya bluu nyekundu, chini ya nyekundu kijivu,
kisha chuma kitupu.
Kibati cha jina kiling'olewa zamani,
yamebaki matundu manne ya ribiti.
Usukani wa lori. Taa ya jipu. Tangi la sijui nini.
"Hili limeoa ukoo mzima," akasema.

Akapiga magoti ubavuni, karibu na klachi,
akasugua kwa brashi ya waya na dizeli kidogo.
Dizeli ilishuka nyeusi, kisha ya kahawia,
kisha tarakimu zikaanza kuinuka
moja moja, kama watu walioamshwa usiku.
Akazisoma kwa sauti.
Mbili za mwisho nilizitaja mimi
kabla brashi haijazifikia.

Akageuka kunitazama.

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa ushirika.
Daftari la mitambo lilikuwa langu.
Trekta sikuwahi kuligusa hata moja,
niligusa namba zao tu.
Na hii niliiandika kwa mkono huu, wino mwekundu:
*Bovu. Halitengenezeki. Lifutwe.*
Sikwenda kulitazama.
Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu,
na meneja alitaka orodha.

Nakijwa hakusema neno. Alinipa spana.
Kisha akasema: "Basi anza wewe, Karani."

Nilianza vibaya. Nilikaza nati hadi ikakatika shingo.
Akasonya. "Babu, huu si muhuri."
Nikajifunza kusikia nati inapotosheka,
kupima oili asubuhi injini ikiwa bado baridi,
kufungua tangi kwa chini, maji yaliyolala humo
yatoke kabla ya dizeli.
Chuchu za grisi ni kumi na tatu.
Kumi na mbili utaziona ukizunguka.
Ya kumi na tatu sharti ulale chali kwenye vumbi uitafute,
na ndiyo inayolia ikisahauliwa.

Lakini kazi niliyoipenda ni kutoa upepo:
unalegeza nati ya chujio, unapampu kwa kidole gumba,
povu linatoka, linatoka,
unasubiri mpaka dizeli ije nzima, bila pumzi ndani yake,
ndipo unakaza, unahamia pampu, mwisho nozeli.
Ukiruka hatua moja unarudi mwanzo.
Miaka yote ile ofisini
hakuna aliyenirudisha mwanzo.

Siku ya tisa tuliazima betri ya mashine ya kusaga.
Likakohoa. Likatema kiota cha panya kupitia silensa,
moshi mweupe, kisha kimya.
Tukatoa upepo tena.
Jumanne likashika, mlio wake ukatetemesha sufuria jikoni,
na Nakijwa, ambaye hacheki ovyo,
akacheka mpaka akakaa chini.

Nina daftari jipya. Naandika kwa penseli.
*Oili nusu lita. Gasketi ya nyuma inavuja.
Haidroliki inainua plau, haiwezi kulishikilia.
Ekari moja na robo, upande wa mfereji.
Ya kumi na tatu: bado. Kesho, kabla ya jua.*