Dereva Hana Sahihi

Saa nne usiku, Isevya. Studio nimeifunga nusu mlango.
Kesho Mwashi anaolewa kule Cheyo
na flashi yangu inachelewa:
kamera inapiga kwanza, mwanga unafuata
kama mgeni anayefika sahani zimeshaoshwa.

Dawa yake ni programu mpya ya ndani.
Nimeipakua kwa bando la mwisho,
kwa mtengenezaji mwenyewe, nikakagua namba mara mbili.
Waya wa kwanza ulikuwa wa chaji tu, hauna habari na mtu.
Wa pili ukalia, tindi,
na kompyuta ikajibu kwa ukarani wake wote:
Dereva huyu hana sahihi. Hatapita.

Nilicheka peke yangu.
Dereva! Hajalewa, hajagonga hata kuku.

Halafu kicheko kikaisha,
maana nilimwona baba, Sikonge, dirishani pa chama cha msingi,
kidole gumba kimeganda gundi ya tumbaku.
Anakichovya kwenye wino, anakibonyeza: doa.
Hakuna mistari. Doa tu.
"Hii si sahihi, Kapela. Kanawe."
Akanawa kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa mchanga.
Msimu mzima ulikuwa juu ya kidole kile
na msimu hautoki kwa kunawa.
Tulirudi tukiikokota baiskeli,
mimi nikihesabu nguzo za simu ili nisimtazame.

Basi nikazima. Nikawasha upya kwa mlango wa uani,
nikabonyeza saba:
usikague sahihi, usiku huu tu.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.
Kumi. Thelathini.
Sitini na moja, umeme ukakatika Isevya nzima.
Betri ya kompyuta, mgonjwa wa dakika kumi na mbili,
ikajitwika mzigo.
Nilikaa nimebana pumzi;
flashi ikizimika katikati ya kuandikwa
inabaki kopo, hata watoto hawalitaki.

Themanini. Tisini na tisa, ikakaa hapo kama mkwe.
Mia.

Nikaupiga ukuta gizani.
Mlio na mwanga vikafika pamoja,
mjusi kaganda juu ya kalenda ya mwaka juzi.

Betri ilikuwa imebakiza tone.
Nikalitumia kuwasha upya,
nikamrudisha mlinzi mlangoni pake.
Usiku wanapita wengi wasio na sahihi,
na si wote ni baba yangu.