Ziwa na Maziwa

Wiki ya kwanza nilisema "niko na njala"
na maabara nzima ikaacha kuandika.
Bi Mwantumu akafuta machozi ya kicheko kwa upindo wa kanga:
"Mwanangu, sema nina njaa, upewe chakula.
Hiyo njala yako tuipe nini?"
Nikapewa mkate wa ajemi, maharage ya nazi.
Nikala nikiwaza:
Kiswahili kilipopanda milima kuja kwetu Bukavu
kilivua viatu njiani.
Hapa Tanga bado kimevivaa.

Kazi yangu, miezi mitatu ya fildi, ni kupokea maziwa.
Saa kumi na mbili alfajiri keni zinashushwa,
za Muheza, za Korogwe,
na za Lushoto ambazo hufika na baridi yake.
Nazamisha laktomita, nasubiri itulie,
nasoma, naandika.
Koti langu jeupe lilikuwa la mtu mrefu;
nimekunja mikono mara tatu.

Siku ya tisa ilisoma ishirini na nne.
Nikarudia. Ishirini na nne.
Mama mwenye keni akaniangalia, nami nikaangalia sakafu.
"Ng'ombe wangu," akasema, "jana kanywa maji mno."
Shekiondo, msimamizi, hakucheka, hakunisaidia.
Alinipa kalamu nyekundu tu.
Mkono ukatetemeka hata ile K ya "Yamekataliwa"
ikaota mguu wa tatu.

Jioni nilikuta karatasi mfukoni mwa koti,
mwandiko wa Bi Mwantumu, umelala kulia:

*Mgeni watoka ziwa, na maziwa wayapima,*
*Kipimo umeshapewa, upime kwa taadhima,*
*Maji yakitiwatiwa, chombo kitakuja sema,*
*Waja leo waambiwa, kurudi si leo, mama.*

Nikahesabu kwa vidole: nane, nane, nane, nane.
Hakutia maji hata tone.

Jumapili ni zangu.
Baiskeli ya Ngonyani ina breki moja na kengele mbili;
ndiyo iliyonifikisha Amboni.
Ndani ya mapango kijana wa kutuongoza alizima tochi makusudi.
Giza likakaa mabegani kama blanketi lililoloa,
na popo wakapita juu yetu
kwa sauti ya mtu anayetafuta ukurasa.
Nilicheka kwa hofu. Hofu nayo ikacheka.

Halafu Muheza: tulilipia machungwa kumi,
tukala kumi na mawili,
maana muuzaji alisema nyongeza haihesabiwi.
Vidole vyangu vilinukia ganda hadi Jumatano;
Shekiondo akanusa sampuli mara mbili, akanitazama,
akaniagiza nikanawe tena.

Juzi, Pangani.
Nilisimama ukingoni nikingoja pantoni.
Mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.
Nikachota kiganjani, nikaonja, mazoea ya kazi:
mto umechanganywa.
Bahari imeutia chumvi yake usiku, bila aibu,
kisha imekaa pale kama mama wa keni.
Ningekuwa na kalamu nyekundu, sijui ningemwandikia nani.

Hapo ndipo simu ya mama ilipolia.
"Uko wapi?"
"Niko Pangani. Jioni ninarudi nyumbani."

Kimya. Nilisikia kuku wake, nikasikia sufuria.
"Nyumbani wapi?"

Sikuwa na jibu lililopimwa.
Nilifikiria chumba changu cha Chumbageni, dirisha lisilofunga vizuri,
ndoo ya bluu, koti kwenye msumari,
na mwenye nyumba anayegonga mlango kuuliza kama nimelala
ili aniamshe.
Nilifikiria pia ziwa letu, sambaza zikikaangwa,
taa za wavuvi nilizozihesabu utotoni nikazikosea kila mara.
Pantoni ikagusa ukingo. Watu wakaanza kusukumana kwa adabu.

"Haya," mama akasema, "tutaongea kesho. Uko na njala?"

"Niko na njala, mama."

Na hakuna aliyenisahihisha.