Mwiko

Tončka kateleza kwenye barafu, mbele ya posta,
akavunja kifundo cha mkono wa kulia,
na daktari wa Ljubljana kaupiga lipu.
Lipu mbaya. Siku ya tatu leo naitazama:
mabonde kiwikoni, ukingo umekwenda upogo.
Kijana wangu wa kazi angeifanya vile
ningemwambia bandua, koroga upya.

Basi keki ya Neža naioka mimi.
Yeye kaketi karibu na jiko,
mto wake wa kufumia lesi kausukuma kando,
pini zimesimama bila kazi,
na mdomo ndio unaofuma.

"Chekecha."
Nachekecha. Hilo halinihitaji mwalimu:
miaka arobaini na mmoja, mchanga, chokaa, saruji,
nusu ya kuta za Idrija zimepita mikononi humu.
Unga vikombe viwili. Kakao kikombe kisichojaa.
Kakao inapaa, inatua kwenye nyusi zangu.
"Sasa umefanana na baba yako akitoka mgodini."
Baba alichimba zebaki. Hakuwahi kupika hata yai.

Mayai, mafuta, maziwa yaliyochachuka kidogo,
halafu kahawa ya moto, mwisho kabisa,
na rojo linalegea mpaka naingiwa na hofu.
Rojo la hivi haligandi ukutani, namwambia.
"Nani kakuambia ni la ukutani?"

Vyombo vitatu. Alipofumba macho kidogo
nikaingiza pimamaji ndani ya oveni.
Oveni imeinama kuelekea dirishani.
Miaka ishirini na sita tumekula keki za mshazari
na hakuna aliyeniambia.
Nikachomeka kipande cha kadibodi chini ya mguu wa jiko.

Harufu ilipofika ukumbini, paka aliamka.

La kwanza limetoka laini. La tatu laini.
La pili lina ufa, kutoka katikati hadi ukingoni,
nami ni mtu aliyelisha watoto kwa nyufa za wengine;
usipoziba ufa utajenga ukuta,
na mimi nilikuwa tayari kwa yote mawili, kwa bei nafuu.
"Liweke katikati," akasema, macho yamefumbwa bado.
"Lilale chini ya mwenzake. Nani ataliuliza?"

Krimu: siagi, sukari ya unga, kakao, kijiko cha maziwa.
Kibakuli hiki tu? Hakitoshi hata nguzo!
Nikapaka juu ya la kwanza, nikapaka juu ya la pili,
nikalaza la tatu, nikalitandaza juu yake koti jembamba,
kwa mwiko, ule wa jikoni,
ingawa wa kazini nilikuwa nimeuosha mara tatu
na ulikuwa mfukoni.
Kisha mkono, wenyewe, ukashuka ubavuni.

"Hapo mwiko," akasema Tončka.

Nikasimama. Ubavu uko wazi, mweusi, una vinyweleo,
krimu imechungulia kati ya matabaka
kama tope kati ya mawe ya nyumba isiyokwisha.
Tončka, siwezi kumpelekea mtoto ukuta mtupu.
Akainua kwa mkono wa kushoto lesi aliyoiacha Jumatano,
akaishika mbele ya dirisha, theluji ikapita ndani yake.
"Ziba haya matundu yote," akasema, "uone utapata nini.
Utapata shuka."

Sikujibu. Nililamba mwiko.

Neža kafika kwa basi la saa kumi na dakika kumi,
miaka kumi na miwili, viatu vimejaa theluji,
akachuchumaa hadi pua ikafika usawa wa sahani.
"Nayaona yote," akasema. "Moja, mbili, tatu."
Akazungusha sahani polepole, mzunguko mzima.
"Limesimama wima! Nani kaoka?"
Mimi, nikasema, kama mtu aliyeulizwa saa.

Akala. Akala tena. Akaomba kalamu
aandike jina lake kwenye mkono wa bibi,
akapitisha kidole kiwikoni, penye mabonde.
"Na hii lipu, babu?"

Siyo mimi, nikasema. Siyo mimi kabisa.