Swali la Tisa

Kliniki iko ghorofa ya pili, Al-Khuwair,
juu ya duka la mapazia.
Muuguzi Shija ananipa karatasi
na kalamu iliyofungwa kamba,
utadhani kuna mtu huja hapa kuiba kalamu.
Miezi sita imetimia, mama. Jaza tu.
Moja, hukuridhika. Tano, umeridhika sana.

Maswali ni ya Kiarabu cha vitabuni.
Nayajibu kwanza moyoni, kwa Kiswahili,
lugha aliyokuja nayo bibi kutoka Wete
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi,
lugha tamu, yenye jina la kila samaki,
ila pahala hapa ilinipa "huko", "nanihii",
na kofi la mkono.

Maumivu wakati wa kukaa.
Miaka kumi na tisa, tangu nimzae Muhanna,
nimekaa upandeupande kama mgeni asiyealikwa.
Tahiyatu ya mwisho nikiikimbiza,
Mola anisamehe, dunia haikuniita,
ni mkunjo wa nyama uliobanwa na mshono wa nguo.
Nazungushia: hakuna.

Swali la sita linamtaja mume, kwa adabu, likikohoa.
Hamdun hakulalamika hata siku moja.
Aliyelalamika ni mimi.
Kisanduku cha hilo hawakuchora.

La tisa: ubora wa maisha kwa jumla.
Ubora! Kama ninanunua friji.
Niwaandikie nini?
Kwamba wiki ya pili nilivimba,
nikakalia mfuko wa njegere za barafu
nikilia bafuni, bomba wazi, watoto wasisikie,
nikijiita mpumbavu?
Kwamba unyevu wa Agosti ukipanda
kovu la kushoto huwasha bado?
Au kwamba sasa natembea Qurum kilomita nne,
na dada yangu Asila, akihema nyuma, aliniuliza,
"Wewe, umepungua?"
"Nimepungua," nikasema,
wala sikudanganya.

Daktari Rayya alisema siku ile ya kwanza:
"Uzuri sikuahidi. Ulivyo ni maumbile, si kasoro.
Nakuahidi utakaa."
Nazungushia nne.
Ile ya tano naidai:
miaka kumi na tisa hakuna aliyeniuliza,
nami sikusema.

Swali la mwisho: je, utamshauri mwanamke mwingine?
Kalamu imesimama.
Kwanza nimuulize anaumwa au ameambiwa tu kwamba ni mbaya.
Na ili nimuulize, lazima tuwe na neno,
mimi na yeye, la kutamka mezani
bila kuangalia mlango.
Naacha wazi.

Shija anahesabu kurasa, anacheka na simu yake.
Nje ni saa saba mchana,
kiti cha gari kimepata moto kama chuma cha chapati.
Zamani ningesimama kidogo, nishike mlango,
nijipange, nikaze meno, ndipo niingie.
Nimefungua,
nimekaa.
Nimesahau hata kusema bismillahi,
nikairudia barabarani.