Godoro la Inchi Nane

Stima imepotea tangu saa tisa usiku.
Jenereta ya Chiromo ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Otiato, mwanafunzi wangu, ameegemea friza kwa mgongo
kama mtu anayezuia mlango usivunjwe.
"Prof, imefika hasi sitini na moja."

Ndani mna miaka kumi na saba ya kazi yangu,
vichupa vidogo kuliko kidole cha mtoto,
na ndani ya vichupa, wapangaji wangu.
Hawajafa.
Hawali, hawazai, hawagombani na mtu.

Nawajua.
Huuhama uvimbe ungali punje ya mtama,
huingia damuni, na wengi huishia humo.
Mmoja katika maelfu hufika kwenye uboho,
hukodi chumba cha nyuma,
hawashi taa, hafungui redio,
na walinzi wa mwili wakipita na tochi
wanaona mlango tu.
Daktari wa upasuaji huvua glavu, husema: tumeondoa yote.
Ni kweli. Yote aliyoyaona.

Mama alishona sare za shule kule Kariokor,
pini midomoni, miguu kwenye charahani.
Walimkata titi, akakaa wiki sita, akairudia charahani yake.
Mwaka wa tisa alicheka:
"Kagendo, hata nimesahau kovu liko upande gani."
Mwaka wa kumi mgongo ukaanza kumuuma.

Mimi wakati huo nilikuwa sura ya tatu ya tasnifu.
Sura yenyewe ilihusu mfupa.
Ilihusu mwaka wa kumi.
Nikamwambia, ni kuinama sana, Mama,
nikamnunulia godoro jipya, la inchi nane,
nikalipandisha mwenyewe hadi orofa ya nne
nikipumzika kila ngazi inapokata kona.
Alinibariki kwa Kimeru, kwa maneno marefu.
Alililalia miezi mitano.

Baada ya hapo, nini? Kazi.
Wenzangu walikwenda kwenye malaria, kwenye ufadhili.
Shehena yangu ya seramu iliozea forodhani, siku kumi na mbili juani,
kwa sababu ya muhuri mmoja.
Mhakiki wa pili aliandika:
kwa nini mtu ahangaike na seli isiyofanya kitu?
Nilibandika barua yake juu ya sinki.
Ipo hadi leo, imekula maji.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema baada ya miaka mingapi.
Hawakusema nani huanza kugonga mlango,
ni homa, ni uzee, ni huzuni, ni jeraha dogo la mguu.
Nimepata protini moja inayowabembeleza.
Katika panya. Katika baadhi ya panya.

Siku ya mhadhara wa uprofesa walinivisha joho,
wakapiga makofi, wakauliza dawa ni lini.
Kisha akasimama mama mmoja wa safu ya nyuma,
kitambaa cha kijani kichwani, mkoba umekumbatiwa:
"Mimi niliambiwa nimepona, mwaka wa sita huu.
Kwa hivyo, daktari, nimepona?"
Nilimjibu kwa grafu.
Akasema asante, akaketi.

Saa kumi na mbili kasorobo stima inarudi,
taa zinapepesa, friza inanguruma, Otiato anacheka peke yake.
Hasi sitini na tatu. Hasi sitini na tano.
Nami nagundua nilikuwa nikiomba, midomo ikicheza:
hawa walale salama, ili niwaamshe;
wa yule mama walale,
walale tu.

"Prof, nenda ukapumzike."
Naenda.
Godoro lile ninalo bado.
Limebonyea upande mmoja, ule wa ukutani,
na mimi, mtu mzima, mwenye joho,
hulala ukingoni.