Mkopo wa Kisogo

Radomir ni fundi wa mapaa kule Plovdiv.
Ameezeka makanisa mawili na shule ya viziwi,
lakini paa lake mwenyewe, anasema, limevuja.
Amekuja Istanbul kwa basi la usiku,
kofia imeshuka mpaka nyusi.

Daktari Ferhunde alimchorea mstari kwa kalamu ya zambarau.
Akaomba ushuke zaidi, kama alipokuwa na miaka kumi na tisa.
"Siku moja utakuwa na sitini," daktari akamwambia,
"na mstari huu bado utakuwa na kumi na tisa.
Mtagombana."

Mimi ni Nurhayat. Kazi yangu ni vidole.
Ganzi ikishika, tunamlaza kifudifudi;
daktari anatoboa kwa kisu cha duara kisichofika milimita,
mimi nachomoa, unywele na mzizi wake,
naulaza kwenye sahani ya baridi.
Watu hudhani tunaotesha.
Hatuoteshi kitu. Tunahamisha.
Nywele za kisogo ni kaidi, hazisikii
amri inayoziangusha zile za utosini,
na zikihama zinahama na ukaidi ule ule.
Ila kisogo si kisima. Ulichochota umechota.

Elfu mbili na mia tatu na sita.
Zimejipanga kama mayai ya chawa, Mungu anisamehe.

Mchana kutwa napanda. Kibanio, tundu, pembe.
Za mbele ziinamie mbele, za kando zilale kando;
ukikosea mwelekeo umempa mtu ufagio.
Anakoroma. Chai inaletwa, inarudishwa.

Jioni nilimweleza, mkalimani akipiga miayo:
Lala umeketi. Usikune.
Kabla ya mwezi wa pili zitaanguka, karibu zote,
na utanitukana. Nitukane.
Mizizi itakuwa chini, haina haraka na wewe.
Mwezi wa nne utaona malaika,
laini kama ya shingo ya mtoto.
Mwaka ukigeuka, ndipo ujitazame.

Akanitazama yeye, kitambaa changu cha kichwa.
"Na wewe?"

Kinyozi hajinyoi.
Zangu zilipukutika baada ya uzazi wa pili,
kote kwa pamoja, kisogo nacho.
Daktari Ferhunde alipitisha lenzi yake, akanyamaza,
kisha akasema: hapa hapana pa kukopa.
Basi nafunga kitambaa, nakuja kazini.

Aliondoka na bandeji yake hadi kituo cha Esenler,
ambako wanaume wenye bandeji husalimiana kwa macho tu.

Mwezi wa tano ametuma picha.
Yuko juu ya paa, mvua inanyesha, kofia iko mkononi.
Utosi umelowa, wala hajaukinga.
Nimeikuza kwa vidole viwili, nikaanza kuhesabu.
Nilipofika mia nne chai ilikuwa imepoa,
na nilikuwa bado upande wa kushoto.